Shahada ya Mama Bahasha

Barua ilifika Jumamosi asubuhi. Aliyeileta ni tarishi wa posta yule yule wa siku zote, ambaye kwa kuizoea nyumba ile alikuwa hapigi tena hodi, anaita tu kutoka barabarani.

"Mama Bahasha, una mzigo wako."

Siku hiyo haukuwa mzigo. Ilikuwa bahasha moja nyembamba yenye nembo ya chuo cha ualimu, na mwenyewe aliifungua pale pale mlangoni, mkono mmoja ukiwa bado na povu la sabuni. Maneno yalikuwa machache. Walimshukuru kwa kuomba nafasi ya kusomea ualimu wa sekondari. Walimwarifu kwamba, kwa mujibu wa tangazo jipya la baraza la chuo, shahada zilizopatikana kwa masomo ya posta hazikubaliwi tena. Walimtakia kila la heri. Chini ya hayo kulikuwa na sahihi ambayo angeitambua hata kwa kuipapasa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye cheti chake cha ndoa na kwenye ripoti zote za shule za binti yao.

Mwenye sahihi alikuwa chumbani anapiga pasi shati.

Mama Bahasha akaingia, akaiweka barua juu ya meza ya pasi, karibu na kola.

"Umeniandikia," alisema.

"Ndiyo," alijibu mumewe bila kuinua macho.

"Kwa posta."

"Barua zote za udahili zinakwenda kwa posta. Ndio utaratibu."

"Tunalala kitanda kimoja, baba watoto. Ungenigusa bega tu."

Mumewe alichomoa waya wa pasi ukutani, akakaa ukingoni mwa kitanda na shati lake nusu limenyooka, nusu bado makunyanzi. Alikuwa msajili wa chuo kile, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kunyooka katika kila jambo, hata majirani walikuwa wamesahau jina lake, wakimwita Msajili sokoni na Msajili msibani.

"Nilijaribu," alisema. "Kila nikifungua mdomo, unaniuliza kama fomu yako imefika. Ulimi unakuwa mzito. Nikaona karatasi itasema vizuri kuliko mimi."

"Basi imesema," alijibu mkewe, akarudi kwenye nguo zake, akazisugua siku ile mpaka mama mkwe wake akatoka uani kumuuliza hizo nguo zimemkosea nini.

Jina la Mama Bahasha alipewa na mtaa. Kabla ya hapo alikuwa fundi miwani, na bado alikuwa fundi miwani, katika duka dogo lililobanwa kati ya muuza vitambaa na muuza dawa. Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi mpaka zikae kwenye fremu. Aliingia kazini kama msichana aliyeacha shule baba yake alipougua, akafundishwa kushika mashine, akaijua. Lakini alikuwa na kasoro moja, kama tajiri wake alivyoiita: alikuwa anauliza. Kwa nini kioo kilichonenepa katikati kinakuza herufi, na kilichobonyea kinazipunguza? Mwanga unafanya nini ndani ya kioo? Tajiri alimwambia kazi yake ni kusaga, maswali awaachie watu wa vitabu. Ndipo akaamua kuwa mtu wa vitabu.

Alirudia kwanza mitihani ya sekondari, binti yake akiwa bado anatambaa. Kisha akajiandikisha chuo kikuu, kule mbali, katika fizikia na hisabati, kwa masomo ya posta. Kila mwezi lilikuja furushi la masomo, na kila mwezi alipeleka furushi la majibu. Tarishi akachoka kumwita kwa jina refu. Likizo alikwenda kufanya majaribio ya maabara chuoni, akilala bweni moja na wasichana waliomwita shangazi na kuazima kanga zake. Mtihani ulipofika alikaa ukumbi mmoja na wale wanafunzi wa kila siku, karatasi moja, msimamizi mmoja, saa moja ya ukutani.

Nyumbani, mama mkwe aliita jambo lile "shule ya bahasha", na kwa miaka ya mwanzo hakulitamka bila kuvuta mdomo. Msajili ndiye aliyeamka alfajiri kuinjika chai, akamsikiliza mkewe akieleza mawimbi ya mwanga, akitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Hakuwa anaelewa. Ila alijua mahali mkewe anapobabaika, kwa sababu hapo sauti yake ilishuka, na pale pale angemwambia, "Rudia hapo."

Shahada ilipopatikana, ilikuwa ya daraja la juu. Na hamu ya ualimu haikutoka mbali. Shule ya binti yao ilikuwa imekaa bila mwalimu wa fizikia tangu yule wa mwisho alipohamishwa. Mama Bahasha alianza kumfundisha binti yake Jumapili barazani, wakaja na wenzake, baraza likajaa, wengine wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Hapo ndipo alipoona kwamba yale aliyoyatafuta miaka yote kwa ajili yake mwenyewe yanaweza kumtoka na kuingia kwa mwingine, na mtu akayaona kwa macho yakiingia. Akatuma maombi. Na majibu ndiyo hayo.

Jumatatu alikwenda kazini na barua mfukoni mwa aproni. Hakujua kwa nini ameibeba. Kabla ya saa sita aliingia wakili mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, kuchukua miwani yake ya kusomea. Ilikuwa desturi ya duka kumpa mteja gazeti ili ajaribu macho. Siku hiyo gazeti lilikuwa limefungiwa fremu za mteja mwingine, na Mama Bahasha, bila kufikiri sana, akampa barua.

Wakili aliisoma kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, polepole, kama mtu anayeonja.

"Miwani safi kabisa," alisema. "Naona mpaka upuuzi. Hii barua ya nani?"

"Yangu."

"Chuo kikuu kilichokupa shahada kinatambuliwa?"

"Kimeanzishwa na Bunge."

"Sheria ya vyuo vya ualimu inasemaje kuhusu anayetaka kuingia?"

"Sijui, mama. Mimi ni mtu wa fizikia."

"Inasema awe na shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa. Basi, imeishia hapo. Huu mkia wa posta baraza limeuokota wapi?" Akaigeuza barua, akaitazama tena chini. "Na huyu bwana aliyetia sahihi, unamjua?"

"Mume wangu."

Wakili akaivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la lenzi.

"Dada yangu," alisema, "kesi hii naitaka. Lakini nenda kwanza ukaongee naye. Mimi sijaja kuvunja nyumba ya mtu, nimekuja kuchukua miwani."

Jioni ile Mama Bahasha alimkuta mumewe akipanga viatu mlangoni. Hakuzunguka.

"Nakwenda mahakamani," alimwambia. "Nalishitaki baraza la chuo."

Msajili alishika kiatu kimoja kwa muda mrefu kuliko kiatu kile kilivyostahili.

"Mimi ndiye nitakayeandaa mafaili ya chuo," alisema.

"Najua."

"Na wakiniita kutoa ushahidi, nitakwenda."

"Nenda. Sikuombi useme uongo kwa ajili yangu, wala usiniombe ninyamaze kwa ajili yako."

"Basi tuwekeane sharti," alisema mumewe. "Kesi ibaki nje ya mlango huu. Ndani tusiizungumze, si mezani, si kitandani."

Wakakubaliana. Aliyeshindwa na sharti lile alikuwa mama mkwe. Hati za mahakama zilipokwisha kupelekwa na mtaa mzima ukajua, alikaa mezani akatazama mwanawe anavyopakuliwa mboga na mkewe, akahema, akashindwa kujizuia.

"Mwanangu, huyu si amekushitaki?"

"Mama, tulisema nini kuhusu meza?"

"Nauliza tu. Mimi sikusoma. Mtu anaweza kumshitaki mwenzake asubuhi na jioni akampakulia?"

"Nimelishitaki baraza la chuo, mama," alisema Mama Bahasha. "Yeye hayumo."

"Sasa hilo baraza linakula wapi? Mbona naona linakula hapa, tena limeongezwa nyama."

Binti akacheka mpaka maji yakampitia puani. Msajili mwenyewe aliinamisha uso kwenye sahani, mabega yakimtikisika. Lakini baada ya kula, mama mkwe alimfuata Mama Bahasha jikoni, akasimama karibu naye wakisuuza vyombo, akasema kwa sauti ya chini: "Wewe usiache. Mimi nilikucheka nikidhani utachoka. Hukuchoka. Huyo mwanangu mwache, nitamshika mimi."

Chuoni mambo hayakuwa ya kucheka. Wenzake Msajili walianza kunyamaza anapoingia chumba cha chai. Mlinzi wa getini, ambaye siku zote alimpigia saluti ya utani, sasa alimpigia ya kweli, na hiyo ilimuumiza zaidi. Ilisemwa wazi kwamba amekalia kuti kavu: mke wake akishinda, ataonekana alimpa siri, akishindwa, ataonekana hana sauti nyumbani kwake. Mwishowe mkuu wa chuo alimwita ofisini, akafunga mlango, akaongea naye kwa upole mwingi.

Msajili alifika nyumbani siku hiyo mapema. Mkewe alikuwa barazani anafuta ubao baada ya kufundisha watoto. Akakaa kwenye moja ya zile ndoo.

"Nitavunja sharti mara moja," alisema. "Nimetumwa. Nikuambie, halafu nisahau."

"Sema."

"Mkuu anasema ukiiondoa kesi, chuo kitakutafutia kazi ya maabara. Utakuwa unawaandalia wanafunzi vifaa. Hutasomea ualimu, lakini utakuwa ndani ya geti. Na mimi nafasi yangu itabaki salama."

Mama Bahasha aliweka kifutio chini. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, moyo wake uliyumba. Hakuyumba kwa ajili ya kazi ya maabara. Aliyumba kwa kumuona mumewe amekaa juu ya ndoo na tai yake shingoni, amechoka, mtu ambaye hakuwahi kuchelewa kazini hata siku ya mvua ya mafuriko.

"Wewe unataka nini?" alimuuliza. "Usiniambie chuo kinataka nini. Nikiiacha, utapumua?"

Msajili alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, hata akiulizwa saa.

"Nitapumua wiki moja," alisema. "Halafu nitaamka alfajiri, nitakuona umelala, nitakumbuka nilivyokuwa nakuinjikia chai usome. Sikuinjika chai ile ili cheti kikae kabatini chini ya mashuka. Mimi kazi nitafanya kama inavyotakiwa. Mafaili yao nitayapanga vizuri, hawatapata la kunilaumu. Lakini wewe usiiache."

"Umeshanifikishia ujumbe?"

"Nimeshafikisha."

"Basi sahau."

"Nimeshasahau," alisema, akainuka, akachukua kifutio, akamalizia ubao.

Siku ya kusikilizwa, mahakama ilijaa kuliko alivyotarajia. Feni ya dari ilizunguka kwa kusuasua ikizungusha joto lile lile. Mama Bahasha alikaa nyuma ya wakili wake akiwa amevaa gauni lake la mahafali, kwa vile hakuwa na jingine la heshima kama hilo. Nyuma yake viti vilijaa watu asiowajua. Alidhani wamekuja kwa kesi nyingine.

Wakili wa chuo alikuwa kijana nadhifu, mwenye maneno mazuri, na Mama Bahasha alilazimika kukiri moyoni kwamba hakusema ovyo. "Mheshimiwa Jaji," alisema, "ualimu ni kazi ya kusimama mbele ya watu. Aliyesoma peke yake chumbani, akiongea na karatasi, amejifunza wapi kukaa na watu? Baraza halikutaka kumdharau mtu. Limetaka kulinda darasa."

Wakili wa Mama Bahasha akainuka, miwani yake mipya ikining'inia kifuani.

"Mheshimiwa, mwenzangu amesema kweli. Mteja wangu hajafundishwa kusimama darasani. Ndiyo maana anaomba kuingia chuo cha ualimu. Angekuwa ameshajua, angeomba kazi, asingeomba kufundishwa. Chuo hiki kinawaambia watu: hatukupokei kwa sababu hujui kile tunachofundisha."

Jaji aliandika kitu. Nyuma mtu alikohoa kwa namna ya mtu anayezuia kucheka.

Kisha akaitwa shahidi wa chuo. Msajili alipanda kizimbani katika shati lile lile alilokuwa akilipiga pasi siku ya barua, akala kiapo, akajibu maswali ya wakili wa chuo moja baada ya jingine: tangazo lilitolewa lini, lilibandikwa wapi, maombi yanapokelewa vipi. Alijibu kama anavyojibu dirishani pake, kwa ukamilifu, bila kuongeza wala kupunguza. Mama Bahasha alitazama mikono yake mwenyewe. Hakutaka kumwangalia mumewe usoni, asije akamfanya ababaike.

Ikafika zamu ya wakili wake.

"Bwana Msajili, kabla ya tangazo hili, chuo kiliwahi kupokea watu wenye shahada za posta?"

"Ndiyo. Kila mwaka."

"Walifanyaje?"

"Walifaulu. Walioacha masomo njiani miongoni mwao walikuwa wachache kuliko wengine."

Wakili wa chuo alijisogeza kitini. Msajili hakumtazama.

"Mwaka huu, kama tangazo lisingekuwepo, mlalamikaji angekuwa wa ngapi katika waombaji wa fizikia?"

"Wa kwanza."

"Wa kwanza," alirudia wakili. "Bwana Msajili, mahakama inajua kwamba mlalamikaji ni mkeo. Huoni watu watasema umempendelea?"

Msajili alimgeukia jaji. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya dirishani: "Mheshimiwa Jaji, mimi ndiye niliyetia sahihi barua ya kumkataa. Kama ningekuwa mtu wa kupendelea mke wangu, leo sote tungekuwa kazini."

Mahakama nzima ikaangua kicheko, na jaji mwenyewe akashika kipaji cha uso kuficha mdomo. Mama Bahasha akainua macho. Mumewe alikuwa ananyoosha mkono wa shati, na kwenye kidevu chake aliona ule mtikisiko mdogo ambao humjia anapoogopa na kujikaza. Alitamani kumwambia, kama yeye alivyomwambia alfajiri ngapi sijui: rudia hapo.

Jaji alisema atatoa hukumu baada ya kusoma. Walirudi nyumbani kwa miguu, mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo, kwa sababu Msajili alisema si vizuri pande mbili za kesi zionekane zikitembea pamoja. Walipofika kona ya mwisho, pasipo na watu, alimsubiri.

Wiki zilizofuata zilikwenda kwa mwendo wa konokono. Mama Bahasha alisaga lenzi, alifundisha Jumapili, alikosa usingizi, akakonda. Msajili alikuwa haambiwi lolote chuoni na halali vizuri nyumbani. Mama mkwe alifunga mdomo kwa kweli safari hii, na kunyamaza kwake ndiko kulikowatisha wote.

Asubuhi ya hukumu hata nafasi ya kusimama ilikuwa taabu kupata. Mama Bahasha aliwaona tena wale asiowajua, sasa wakiwa wengi maradufu. Mwanamke mmoja wa makamo aliyevaa sare ya uuguzi alimgusa mkono.

"Mimi na wewe hatujuani," alimwambia. "Mimi nilisoma biolojia zamu za usiku wodini. Barua yangu na yako ni ndugu. Huyu hapa ni dereva wa trekta, wa hisabati. Yule kule ni askari magereza, wa historia. Tulisikia kwenye redio kwamba kuna mtu amekataa."

Mama Bahasha akawatazama mmoja mmoja. Siku zote hizo alidhani amesimama peke yake na wakili na miwani.

Jaji alisoma polepole. Alianza mbali, kwenye historia ya sheria, na wengi wakaanza kutazamana. Kisha akafika palipotakiwa.

"Bunge lilipoandika neno shahada katika sheria hii," alisema, "lilijua kwamba shahada hupatikana kwa kuhudhuria na pia hupatikana kwa posta, kwa kuwa ni Bunge hilo hilo lililokianzisha chuo kikuu kilichomfundisha mlalamikaji na kukipa mamlaka ya kutoa zote mbili. Lingetaka kuzitenganisha, lingesema. Halikusema. Baraza la chuo haliwezi kuyasema ambayo Bunge halikuyasema."

Akanywa maji.

"Mahakama imezingatia hoja kwamba mwanafunzi wa posta hajazoea kukaa na watu. Hakuna ushahidi wa hilo uliotolewa. Kinyume chake, shahidi wa chuo mwenyewe, ambaye alikuwa na kila sababu ya kupunguza maneno, ameieleza mahakama ukweli wote, na mahakama inampongeza. Shahada ya mlalamikaji ni shahada. Tangazo la baraza ni batili. Mlalamikaji, pamoja na wote waliokataliwa msimu huu kwa sababu hiyo hiyo, wafikiriwe upya kwa alama zao, kabla masomo hayajaanza."

Watu walisubiri jaji atoke, kwa adabu, mpaka pindo la joho lake lilipopotea mlangoni. Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Muuguzi alimkumbatia Mama Bahasha akamnyanyua kutoka sakafuni. Dereva wa trekta, mtu wa kifua kipana, alikaa chini katikati ya watu akashika kichwa chake kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta. Wakili alikuwa anapeana mikono na kila mtu, hata na wakili wa chuo, akimwambia, "Ulinibana vizuri pale mwanzo, kijana. Ulinibana."

Mama mkwe ndiye aliyepasua umati. Alimfikia Mama Bahasha, akamshika mashavu kama anavyoshikwa mtoto, kisha akageukia watu asiowajua kabisa.

"Huyu mkwe wangu," aliwaambia. "Amemshinda mwanangu mahakamani. Mwanangu msomi, msajili. Amemwangusha chali." Na alilisema kwa fahari tupu, hata mtu asingejua ni yupi kati ya hao wawili aliyemzaa.

Msajili alikuwa bado kwenye benchi la chuo, anaandika amri za mahakama kwa kalamu yake, neno kwa neno, kwa kuwa yeye ndiye atakayezitekeleza. Alipomaliza alifunga faili, akaja.

"Hongera, mlalamikaji," alisema.

"Pole, mlalamikiwa," alijibu mkewe.

Akataka kusema jambo jingine, ulimi ukawa mzito kama kawaida yake. Safari hii hakutafuta karatasi. Alimgusa bega, akauacha mkono pale.

Mkuu wa chuo hakufurahi, lakini alikuwa mtu wa serikali, na aliposoma hukumu alisema maneno mawili tu: "Fungueni mafaili." Msajili aliyafungua. Kwa siku kadhaa alitoka alfajiri akarudi taa zikiwashwa, akipanga majina kwa alama, na chumba cha chai kikaanza tena kumsalimu, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwamba aliwahi kuuficha ukweli, wala upande huu wala ule.

Siku ya kujiandikisha, mstari ulitoka dirishani, ukapita ukumbini, ukashuka ngazi, ukafika kwenye maua ya getini. Walikuwepo vijana waliotoka vyuo vikuu jana, na kati yao walikuwepo wa bahasha, wengine na mvi, wengine na watoto mgongoni. Mlinzi alikuwa anapita na mtungi wa maji. Mama Bahasha alipanga mstari kama wengine. Kuna kijana alimtambua akataka kumpisha mbele, akakataa.

Alipofika dirishani, mtu wa ndani hakuinua uso.

"Jina kamili?"

Akalitaja, lile refu, ambalo tarishi alilishindwa. Msajili akaliandika bila kuuliza herufi.

"Somo?"

"Fizikia na hisabati."

"Ndugu wa karibu wa kupewa taarifa?"

"Mume wangu."

"Anapatikana wapi saa za kazi?"

"Anapatikana vizuri sana," alisema Mama Bahasha. "Tatizo lake ni moja tu, anapenda kuandika barua."

Nyuma yake muuguzi alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akamwegemea dereva wa trekta. Msajili aliinua uso wake, ambao ulikuwa umejaa kicheko asichokiruhusu kutoka, akagonga mhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akamsukumia kadi yake.

"Chumba cha tano, ghorofa ya kwanza," alisema. "Mwalimu ameshaingia. Umechelewa, mwanafunzi. Anayefuata."

Mama Bahasha aliwasubiri muuguzi na dereva wamalize, wakapanda ngazi wote watatu, wakipotea mara mbili, wakifungua milango isiyo yao na kuomba radhi. Chumba cha tano walikikuta mwisho wa korido. Mwalimu wa saikolojia, mwanamke mfupi mwenye chaki sikioni, alikatiza maneno yake akawatazama: mwanamke mwenye gauni la mahafali, mwenye sare nyeupe, na mtu wa kifua kipana aliyekumbatia kadi yake kwa mikono miwili.

"Ninyi ndio wale wa mahakamani?" aliuliza.

"Ndio sisi," alijibu Mama Bahasha.

"Basi msisimame mlangoni. Nafasi ziko mbele."

Wakaingia, wakakaa mbele.